Mashine Itafungwa Jumanne

Mtangazaji wa halmashauri aliitwa Honi, na pale mjini hapakuwa na mtu aliyekumbuka jina alilopewa na mama yake. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, lakini sauti yake ilijaza mtaa mzima hata bila kipaza sauti. Kila habari ya halmashauri ilipita kwenye koo lake: chanjo ya mifugo, leseni za biashara, greda litachonga barabara ipi, kliniki ya wajawazito imehamia wapi. Gari lake kuukuu, lenye vipaza sauti viwili juu ya paa, lilijulikana hata na mbwa wa vijiji vya mbali.

"Rudia," Inspekta alimwambia. "Vilevile ulivyotangaza Jumapili. Usiongeze, usipunguze."

Honi akaegemea mlango wa gari, akakohoa kidogo kusafisha njia.

"Tangazo, tangazo. Halmashauri inawatangazia wakazi wote kwamba mashine ya maji ya kisima kikuu itafungwa Jumanne asubuhi. Kila mkazi achote maji mapema. Atakayelala asije akamlaumu mtu. Ahsanteni."

Uani mwa halmashauri, watu waliokuwa kwenye foleni ya vyeti vya kuzaliwa wakageuza vichwa. Mama mmoja mwenye ndoo tupu akasonya kwa nguvu. Alikuwa na haki ya kusonya, maana tangu hiyo Jumanne bomba la mtaani kwao lilikuwa halijatoa hata tone.

Inspekta alikuwa mwanamke mkimya, mkavu, asiye na tone la mafuta mwilini, na askari wenzake walimwita Sindano. Wengine walisema ni kwa sababu ya wembamba. Waliowahi kuhojiwa naye walikuwa na maelezo mengine. Aliletwa kutoka makao makuu baada ya mashine mpya ya kisima kuibwa ndani ya stoo ya halmashauri, na alikuta kesi imeshapikwa, imeiva, inangoja kupakuliwa. Kufuli ya stoo haikuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao mhandisi wa maji, aliyesafiri nao Jumatatu na kurudi Jumanne asubuhi, na watu aliolala kwao walithibitisha. Wa pili alikuwa nao fundi wa maji. Basi fundi alikuwa mahabusu, na kesho yake asubuhi angepandishwa kizimbani. Mkuu wa kituo alishatenga hadi gari la kumpeleka.

"Maneno haya alikupa nani?" Inspekta aliuliza.

"Mhandisi, kwa simu. Akasema, tangaza mashine ya kisima itafungwa Jumanne. Basi, akakata."

"Na haya ya kuchota maji mapema?"

Honi akatabasamu kwa fahari kidogo. "Hayo yangu mwenyewe, afande. Mashine ikifungwa si maji hayatoki? Nikaona niwasaidie watu."

"Ulielewa kwamba kisima kinazimwa."

"Sasa kufungwa kuna maana gani nyingine?"

Mhandisi wa maji, aliyekuwa amesimama ngazini na kalamu zake tatu mfukoni, akashindwa kuvumilia. Alikuja mbio mbio, uso umemwiva.

"Nani alikwambia inazimwa? Mimi nilisema inafungwa. Kufunga mashine, bwana. Kuiweka pale kwenye msingi wake, kuikaza boliti, kuunganisha mabomba. Hujawahi kusikia mtu amefunga mita? Amefunga injini?"

"Nimewahi," alisema Honi. "Na nimewahi kusikia mtu amefunga duka."

Koplo aliyeongozana na Inspekta, mtu mnene mwenye kupenda kucheka kabla ya wakati, akageuka upande kuficha meno. Inspekta hakucheka. Alikuwa amemkazia macho mhandisi.

"Kwa nini hukusema mashine mpya?"

"Hilo neno nililiacha makusudi," alijibu mhandisi, sauti imeshuka. "Tuliwahi kutangaza mabati mapya ya zahanati, kulipokucha yakawa hayapo. Safari hii nikasema hapana, wataiona ikishaanza kuvuta maji. Tuliingiza kasha stoo Ijumaa jioni, mimi na fundi tu. Tukalifungua, tukaikagua mashine, tukaifunika turubai. Waliotuona tuliwaambia ni makabati ya uhasibu. Fundi nilimwapisha asimwambie hata mkewe."

"Kwa hiyo mpaka Jumanne asubuhi, waliojua kuna mashine mpya ni wewe na fundi."

"Mimi na fundi."

"Na mwizi," alisema Inspekta.

Akaenda kuitazama stoo tena. Kilikuwa chumba kimoja cha matofali nyuma ya ofisi ya ardhi, mlango wa chuma, dirisha moja kubwa bila kioo. Dirisha lilikuwa na nondo mpya zilizopakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Akaigusa moja. Ilikuwa imara, na rangi ilikuwa bado inanukia.

"Nondo ziliwekwa kabla ya kasha kuingia," mhandisi, aliyekuwa amemfuata, aliharakisha kusema. "Nilihakikisha. Aliyezichomelea hakuona kitu, chumba kilikuwa kitupu."

"Ni nani?"

"Fundi wa kuchomelea mwenye karakana kule njia ya mnadani. Shemeji yake huyu fundi wetu wa maji."

Inspekta akaitikia kwa kichwa, akarudi garini. Koplo alipowasha injini, alimwambia, "Leo tunauliza watu swali moja tu. Uliposikia tangazo, ulifanya nini?"

"Afande, si wote watasema walichota maji?"

"Ndiyo ninachotaka wote waseme."

*

Mji mzima ulikuwa umeshamtaja mwizi wa pili. Kama fundi ndiye aliyeiba, basi aliyemtuma ni mwenye boza la maji, mtu pekee anayepata riziki yake watu wanapokosa maji. Hoja hiyo ilikuwa tamu, na Koplo aliimeza nzima njia nzima.

Walimkuta uani kwake, amevua shati, anaosha vioo vya lori lake la maji kwa kitambaa kilichotota. Nyuma yake palikuwa na boza la pili, kubwa zaidi, la rangi nyingine.

"Hilo lako?" Inspekta aliuliza baada ya salamu.

"La baba mkwe." Alilitaja kana kwamba lina harufu. "Mama, usiniulize. Tangu nioe, mimi na yule mzee hatupikiki chungu kimoja. Lakini Jumapili niliposikia Honi anasema mashine itafungwa, nikajua kisima kimekufa. Ile mashine ilikuwa inakohoa mwaka mzima. Nikameza mate machungu, nikaenda kumwangukia. Nikamwambia, mzee, niazime boza, mji utakauka."

"Ulienda siku gani?"

"Jumapili ileile. Muulize. Atakueleza kwa furaha nilivyopiga magoti, hiyo ndiyo hadithi yake siku hizi."

Koplo alimkatiza. "Ukajuaje maji yatakatika kwa muda mrefu?"

"Nimekwambia, nilisikia tangazo. Nani angejua kwamba kuna mashine mpya imelala stoo? Ningejua ningeuza hili gari. Mashine mpya ikivuta maji, mimi nitamuuzia nani?" Akakikamua kitambaa. "Najua wanachosema. Wanasema nimecheka. Basi sikucheka. Baba mkwe sasa analala sebuleni kwangu, kalifuata boza lake. Kama ni faida, ndiyo hiyo."

Walipotoka pale, Koplo alikuwa amenuna.

"Mtu huyu ana sababu zote za kuiba, afande."

"Anazo. Sasa fikiri. Kama angejua kuna mashine mpya, angejua pia kwamba tangazo lilikuwa na maana ya kuiweka. Anaiba ile mpya, ile ya zamani inabaki kisimani inaendelea kukohoa, mambo yanakuwa vilevile. Boza la baba mkwe la nini?"

Koplo akapunguza mwendo ili afikiri vizuri.

"Lakini ya zamani haikubaki," alisema.

"Haikubaki kwa sababu fundi aliing'oa alfajiri ya Jumanne ili kutayarisha nafasi, na alipoing'oa ilivunjika. Baada ya hapo ndipo alipokwenda stoo na mhandisi wakakuta patupu. Mwizi hakulitarajia hilo. Yeye alidhani asubuhi watu wataamka wakute maji kama kawaida."

"Basi aliyejaza maji hakujua habari ya mashine."

"Na asiyejaza," alisema Inspekta, "nataka kuonana naye."

*

Nyumba ya fundi wa maji ilikuwa na bati lililobonyea mahali jiwe lilipopiga, na ukutani mtu alikuwa ameandika MWIZI kwa mkaa. Neno lilikuwa limesuguliwa, likabaki kivuli. Mke wa fundi aliwafungulia mlango kabla hawajabisha. Alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana, na macho yake yalionyesha kwamba amelia na amemaliza.

"Karibuni, ingawa sina hamu na polisi."

Ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Mapipa, ndoo, masufuria, beseni la kuogeshea watoto, madumu ya mafuta yaliyooshwa, hadi jagi la mezani, vyote vilijaa maji na vilifunikwa kwa sahani, magazeti na vipande vya mbao. Koplo alipita kwa kujikunja.

"Ulijaza haya yote lini?" Inspekta aliuliza.

"Jumatatu. Nilipanga foleni kisimani tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Kichwa kiliniuma, mgongo ukafa ganzi. Baba watoto anarudi jioni ananikuta nimelala chini kama gunia, anasema pole." Akakaa kwenye kigoda. "Pole tu, mama. Mtu anajua kesho wanaweka mashine mpya, maji yatafika mpaka mlangoni, ananiacha nibebe ndoo mpaka najaza jagi. Alikuwa ameapa asiseme, basi hakusema. Akitoka huko alipo nitamuuliza vizuri."

Inspekta alilitazama lile jagi. Mtu anayepanga kuiba mashine haachi mkewe avunjike mgongo kwa sababu ya siri ya ofisi. Wala haing'oi ile ya zamani kwa mikono yake mwenyewe. Hayo yalitosha kumshawishi yeye. Kwa hakimu yalikuwa bado ni hadithi.

"Ufunguo wa stoo aliuweka wapi?"

Mwanamke akaonyesha msumari nyuma ya mlango. Ulikuwa msumari wa kawaida, na ulining'iniza mwavuli na begi la shule.

"Jumatatu ulikuwa hapo?"

"Niliuona jioni, na asubuhi aliuchukua hapohapo. Ndiyo maana wanasema ni yeye."

"Jioni ile nani aliingia humu?"

"Hakuna mgeni. Mimi, watoto, na kaka yangu alipita kula. Mkewe amekwenda kumuuguza mama yake, kwa hiyo anakula hapa. Alikula, akatoka, akarudi tena usiku kidogo, akasema amesahau kofia."

"Alikusaidia kubeba maji?"

Mke wa fundi akacheka kwa mara ya kwanza. "Nani, kaka? Yule mvivu tangu utoto. Alisimama hapo mlangoni, akanitazama na ndoo zangu, akasema, mdogo wangu, unajitesa bure."

"Alisema hivyo?" Inspekta aliuliza.

"Ndivyo alivyo. Siku zote kazi ya mwenzake anaiona ya bure."

Nje, sauti ya mtoto ilibisha hodi. Mke wa fundi alikwenda kumtekea ndoo moja, akamwambia aibebe vizuri isimwagike. Aliporudi alikuta Inspekta anamtazama.

"Wa jirani," alisema. "Mama yake ndiye aliyeandika pale ukutani. Sasa nimnyime mtoto maji?" Akajifuta mikono kwenye kanga. "Mama Inspekta, kesho wanampeleka mahakamani. Mimi sikuombi kitu kikubwa. Nirudishie mtu wangu."

Inspekta alizoea kuombwa mambo, na alizoea kutoahidi. Safari hii kutoahidi kulimwia vigumu, kwa sababu alishaanza kuona mwanamke huyu atalipia nini.

*

Karakana ya kuchomelea ilikuwa uwanja wa wazi wenye paa nusu. Mageti yaliyoegeshwa ukutani, vitanda vya chuma visivyo na mbao, toroli moja, na katikati tangi la maji la mabati mazito, jipya, lililosimama hadi kifuani mwa mtu. Kaka yake mke wa fundi alikuwa mtu mchangamfu, miwani ya kazi imepandishwa kichwani. Alikuja mbele mikono imenyooshwa.

"Karibu, afande, karibu. Habari ya shemeji yangu? Mmempa chakula? Mimi nimemwambia mdogo wangu, usilie, ukweli utajulikana."

"Utajulikana," Inspekta alikubali. Akatafuta kivuli, akajipepea kwa kofia. "Joto. Naomba maji ya kunywa, bwana fundi."

Mtu yule akacheka, akakuna kidevu. "Hapo umenipata. Humu hamna hata ya kunawa. Tangu Jumanne nakunywa kwa mdogo wangu."

"Hukuweka akiba? Mji mzima ulijaza."

"Aa, mimi sikuona haja. Nilisikia Honi anapita, nikasema mashine ikishafungwa, si maji yatakuwa ya kumwaga? Nihangaike na ndoo za nini."

Alilisema kwa wepesi, akainama kuokota koleo. Koplo, aliyekuwa anachungulia tangi, akainua kichwa polepole.

"Kumbe uliielewa vizuri," alisema Inspekta. "Honi mwenyewe hakuielewa. Alidhani kisima kinazimwa."

"Sisi mafundi ndivyo tunavyosema, afande. Kufunga mashine."

"Kweli. Hata mimi nimejifunza leo." Akaendelea kujipepea. "Na uliposikia itafungwa, ulidhani wanafunga mashine ipi? Iliyokuwepo ilishafungwa pale miaka yote."

Koleo liligeuka mkononi mwa mtu yule mara moja, mara mbili.

"Hii mpya. Si kila mtu anajua?"

"Kila mtu anajua tangu Jumanne, ilipoibwa. Wewe unaniambia ulichowaza Jumapili."

"Labda shemeji aliniambia."

"Hakumwambia mkewe. Mkewe alijaza mpaka jagi."

Mwenye karakana akashusha miwani, kisha akaona haina kazi, akaipandisha tena. Inspekta akabadilisha njia, sauti ileile ya mazungumzo.

"Nondo za dirisha la stoo, kazi yako?"

"Yangu. Lakini niliziweka Alhamisi. Chumba kilikuwa kitupu, muulize mhandisi."

"Nimemuuliza. Kanieleza habari za kuchomelea, rangi hakuitaja. Ulipaka siku ileile?"

"Huwezi kupaka siku ileile, chuma lazima kipoe, kisha ukipige msasa. Nilirudi Jumamosi kupa..." Akaishia hapo.

Ijumaa jioni kasha lilikuwa limeingia. Jumamosi yeye alisimama mbele ya dirisha lisilo na kioo, brashi mkononi, na kwa muda wa kupaka nondo zote hizo alikuwa na nafasi ya kuangalia ndani kadiri alivyotaka. Turubai lilifunika juu tu.

"Nimepaka rangi," alisema sasa, ukali umeanza kumpanda. "Sikuiba. Hayo ni maneno, afande. Neno moja tu unalikalia. Tafuta mashine. Hii hapa karakana, haina mlango wala kufuli, pekua."

"Afande," aliita Koplo. "Hili tangi halina mdomo."

Alikuwa amelizunguka lote. Hapakuwa na tundu la kuingizia maji, wala la kutolea, wala mfuniko. Juu palifungwa kwa bati moja zima, na mshono wa kuchomelea ulizunguka pembeni, bado unang'aa.

"Nitatoboa mwisho," mwenye karakana alisema. "Mteja hajaamua anataka bomba la ukubwa gani."

"Mteja gani?"

"Wa mbali. Anakuja kesho na lori."

"Na utaingizaje mkono kuzuia kutu ndani, ukishaziba kote?" Koplo aliuliza. Baba yake alikuwa na duka la vyuma, na lilikuwa swali la kweli, alitaka kujua.

Inspekta akaligonga tangi kwa kifundo cha kidole, juu, likaita. Akashuka katikati, likaita. Akagonga chini karibu na udongo, na hapo likatoa sauti fupi, nzito, isiyosafiri.

"Lifungue," alisema.

"Nitakuwa nimeharibu mali ya watu."

"Basi Koplo ataiharibu. Umeme upo?"

Umeme ulikuwepo. Koplo aliichukua mashine ya kukatia chuma, akavaa miwani ya mwenye karakana mwenyewe, na cheche zikaanza kuruka. Mwenye karakana aliketi juu ya kitanda cha chuma kisicho na mbao, akajishika kichwa. Bati la juu liliponyanyuliwa waliona turubai la halmashauri, na Koplo alipolivuta pembe moja, wakaona mashine, ya kijani, mpya kabisa, imelala ubavu na boliti zake ndani ya mfuko.

"Niliurudisha ufunguo palepale usiku uleule," alisema yule mtu, anaongea na miguu yake. "Nilijua watasema kufuli imeharibika, au wamlaumu mhandisi na safari zake. Halmashauri wangenunua nyingine. Ile ya zamani ingeendelea. Nani hung'oa mashine nzima kabla ya kuishika mpya mkononi?"

"Mtu anayewahi kazi," Inspekta alijibu.

"Sikutaka wamkamate shemeji."

"Lakini walipomkamata ulinyamaza. Ukaenda kula kwake."

Koplo alimfunga pingu kwa upole.

*

Jua lilikuwa linaelekea kushuka walipomrudisha fundi wa maji nyumbani. Alikaa nyuma ya gari, amepungua, ndevu zimeota ovyo, na njia nzima aliuliza jambo moja: je, msingi wa kisima haujaingia mchanga. Hakuuliza ni nani aliyekamatwa, na Inspekta alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

Mke wa fundi alisimama mlangoni. Alimtazama mumewe akishuka, akamshika mkono wa shati, akauachia, akaushika tena. Yale maswali aliyokuwa amemwekea hayakutoka.

Gari la Honi lilikuwa linapita barabara ya juu. Sauti yake iliwafikia wote pale uani.

"Tangazo, tangazo. Mashine mpya ya maji itafungwa kesho asubuhi. Itafungwa, yaani itawekwa. Haizimwi, jamani. Itawekwa."

Koplo alicheka kidogo, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Imepatikana wapi?" mke wa fundi aliuliza.

Inspekta alikuwa ametayarisha maneno tangu karakana, na sasa yote yalimkimbia. "Kwenye tangi jipya," alisema. "Njia ya mnadani."

Mwanamke alisimama palepale. Macho yake yakaenda kwenye msumari nyuma ya mlango, kisha kwenye mapipa, na Inspekta akaona anavyojirudisha mwenyewe kwenye mazungumzo yao ya mchana, neno baada ya neno.

"Unajitesa bure," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyekwambia."

"Ningefika tu," alisema Inspekta. Lilikuwa jambo la huruma kulisema, na hakuwa na uhakika nalo.

Fundi alikuwa ameelewa sasa. Aliketi kwenye kigoda, mikono imelala mapajani, na hakumtazama mkewe usoni.

"Na kaka yangu, atafungwa?"

Siku nzima Inspekta alikuwa amelifuatilia neno hilo kutoka mlango hadi mlango, akitafuta nani alilielewa vipi. Hapa halikuwa na njia mbili.

"Atafungwa," alisema.

Mke wa fundi akaitikia kwa kichwa. Aliinama, akachota kikombe cha maji kwenye pipa la karibu, akampa mumewe, naye akanywa yote bila kupumua. Kisha alikwenda mezani, akalichukua jagi alilolijaza Jumatatu kwa mgongo wake mbovu, akalifunika kwa sahani, akatoka nalo mpaka kwenye gari la polisi.

"Mpelekee," alimwambia Koplo. "Kwake hakuweka maji."

Koplo alilipokea kwa mikono miwili.